Mtoto analia miguu usiku: ni lini umchue, ni lini umkimbize hospitali

Saa nne usiku, mtoto wa miaka mitano aliyeshinda akiruka kamba, akala vizuri na kulala bila shida, anaamka akilia. "Mama, miguu." Mama anawasha taa na kutazama. Hakuna jeraha, hakuna mwiba, hakuna uvimbe. Anachukua mafuta ya nazi, anachua taratibu, mtoto anatulia na usingizi unamrudia. Asubuhi anakimbilia uani kama si yeye aliyelia. Siku tatu baadaye, kilio ni kile kile.

Hapo ndipo maoni huanza kupishana ndani ya nyumba. Bibi anasema mtoto anakua, mifupa inavutika. Jirani anasema ni baridi yabisi, alalishwe mbali na sakafu. Baba anasema anadeka. Muuza dawa wa mtaani anafunga vidonge kwenye karatasi bila kuuliza mtoto ana kilo ngapi. Kila mmoja ana kipande cha ukweli, isipokuwa huyo wa mwisho.

Mara nyingi bibi ndiye aliyekaribia jibu. Watoto wengi wa kati ya miaka mitatu na kumi na miwili hupata maumivu ya miguu ambayo hayana ugonjwa nyuma yake. Madaktari huyaita maumivu ya ukuaji, ingawa jina lenyewe halijakaa sawa. Mtoto hurefuka kwa kasi zaidi akiwa mchanga, na tena anapobalehe, lakini maumivu haya huja katikati ya vipindi hivyo viwili. Kinachoonekana zaidi ni kwamba huja baada ya siku ya kukimbia sana, na kwamba watoto wengine huhisi maumivu kwa urahisi kuliko wenzao. Mtoto haigizi. Anaumia kweli, na kumfokea saa saba za usiku hakumpunguzii chochote.

Maumivu ya aina hii yana tabia zake, na mzazi akizijua anaweza kulala. Huja jioni au usiku. Huuma miguu yote miwili, hata kama leo analalamikia huu na kesho ule. Huwa kwenye nyama: mapaja, mashavu ya mguu, nyuma ya magoti, mbele kwenye muundi. Hayakai ndani ya kiungo chenyewe. Mtoto hupenda kuchuliwa, tena huomba. Na asubuhi yamekwisha kabisa: hachechemei, hana homa, anakula, anacheza.

Hilo la asubuhi ndilo kipimo kikubwa ambacho mzazi anacho nyumbani, na hakihitaji maabara. Mtazame mtoto anavyoshuka kitandani na anavyotembea hatua kumi za kwanza. Anayeumwa usiku akaamka akiruka, mara nyingi yuko salama. Anayeamka akichechemea, au anayeomba kubebwa wakati jana alikuwa akitembea, huyo anahitaji kuonwa na daktari, hata kama maumivu yenyewe anasema ni kidogo.

Kwa maumivu ya ukuaji, tiba ni ya nyumbani. Chua kwa mafuta yoyote yasiyowasha. Dawa za kuchua za watu wazima zenye kuunguza si za ngozi ya mtoto. Kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya vuguvugu na kukamuliwa husaidia, ila kipime kwanza kwenye kifundo cha mkono wako. Kabla ya kulala, mtoto alale chali, mzazi ainue mguu mmoja ulionyooka, asukume unyayo polepole kuelekea kwa mtoto mpaka nyama ya nyuma ivutike, ahesabu mpaka kumi, kisha mguu wa pili. Watoto hulichukulia kama mchezo.

Akizidiwa, dawa ni parasetamoli, na hupimwa kwa uzito, si kwa makisio. Kiasi ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mtoto, isizidi mara nne kwa saa 24. Mtoto wa kilo 16, kwa mfano, hahitaji zaidi ya miligramu 240 kwa mara moja. Kama chupa ya maji imeandikwa miligramu 120 kwa kila mililita 5, hiyo ni mililita 10. Tumia kipimo kilichokuja na chupa, kwa sababu vijiko vya jikoni havilingani. Angalia pia kama dawa ya mafua anayotumia haina parasetamoli ndani yake, maana nyingi zinayo, na mtoto akinywa zote mbili anapata dozi mara mbili. Asipirini asipewe mtoto kabisa, labda daktari aiagize mwenyewe.

Yasiyo ya kukua

Sasa tuje kwa mtoto ambaye bibi amekosea juu yake. Tanzania ni kati ya nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni watoto wapatao 11,000 kila mwaka. Wengi wao hawajulikani siku ya kuzaliwa. Wanajulikana baadaye, kwa maumivu.

Kwa kawaida dalili huanza baada ya miezi sita. Kabla ya hapo damu ya mtoto bado ina aina ya himoglobini aliyotoka nayo tumboni, ambayo humkinga. Inapopungua, chembe nyekundu zake huanza kujikunja kama mundu, ndiko jina lilikotoka, na kukwama kwenye mishipa midogo. Mahali damu inapokwama, mfupa unakosa hewa na unauma sana. Kwa mtoto mchanga ishara ya kwanza mara nyingi ni viganja na nyayo kuvimba: vidole vinakuwa vinene, mtoto analia ukimgusa, anakataa kusimama. Nyumba nyingi hudhani ameumwa na mdudu, au dada wa kazi amemwangusha. Dada amefukuzwa kazi, na mtoto anavimba tena mwezi unaofuata.

Akikua kidogo, maumivu huhamia kwenye mifupa mirefu ya mapaja na miundi, mgongoni, kifuani. Hayajali usiku wala mchana. Huweza kudumu siku kadhaa. Huchochewa na baridi, kiu, malaria, homa yoyote, na uchovu mkubwa. Mtoto wa Lushoto au Njombe huumwa zaidi mwezi wa sita na wa saba. Mtoto wa Dar es Salaam huumwa baada ya kushinda juani bila maji, au kuogelea baharini mpaka jioni ya upepo. Macho huwa ya manjano mara kwa mara, na damu hupungua. Kama katika ukoo kuna mtoto aliyekuwa "akiongezwa damu kila mara" kisha akafariki, hiyo ni habari ya kumweleza daktari, hata kama wazee hawapendi kuizungumza.

Kipimo ni cha damu, lakini kipo cha kuangalia. Kile cha haraka na cha bei nafuu kinachofanyika katika maabara nyingi huonyesha tu kwamba chembe zinajikunja. Hakitenganishi mtoto mgonjwa na mtoto aliyebeba vinasaba bila kuumwa. Tena kwa mtoto wa chini ya miezi sita kinaweza kusema hakuna wakati ugonjwa upo. Kinachotenganisha ni kipimo cha kuchambua aina za himoglobini, kinachofanyika katika hospitali kubwa, na siku hizi kuna pia vipimo vidogo vya papo hapo katika baadhi ya vituo. Uliza jina la kipimo alichofanyiwa mtoto, na uliandike.

Ugonjwa huu unarithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu ndoa nyingi zimevunjika juu yake. Baba anayesema "kwetu haupo" ameshatoa nusu yake. Bila nusu hiyo mtoto asingeumwa. Wawili wenye kubeba vinasaba wana uwezekano wa mtoto mgonjwa mmoja kati ya wanne katika kila mimba, na mimba inayofuata haikumbuki iliyopita. Haisaidii kusema wa kwanza aliumwa, kwa hiyo watatu wanaofuata watapona. Kila mimba inaanza hesabu upya.

Mtoto akishajulikana, mambo hubadilika. Huandikishwa kliniki, hupewa asidi ya foliki, penisilini ya kila siku mpaka miaka mitano, kinga ya malaria na chanjo zote. Wengi huandikiwa haidroksiyurea, dawa inayopunguza mashambulizi ya maumivu na haja ya kuongezewa damu. Wazazi huiogopa kwa kuwa hutumika pia kwa baadhi ya saratani, lakini kwa dozi na uangalizi wa kliniki imewasaidia watoto wengi kukaa darasani. Muuguzi humfundisha mama kupapasa bandama upande wa kushoto chini ya mbavu. Ikivimba ghafla na mtoto akapauka, ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo. Homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa mtoto huyu nayo haisubiri asubuhi. Barafu isiwekwe kwenye miguu yake. Joto la vuguvugu, maji mengi ya kunywa, na dawa ya maumivu mapema kabla hayajapanda.

Mguu mmoja, mahali pamoja

Maumivu yanayomtisha daktari zaidi ni yale ambayo mtoto anaweza kuyaonyesha kwa kidole kimoja. Mguu ni mmoja, mahali ni pale pale leo na kesho, pana joto, na mtoto ana homa na hataki kukanyaga. Hapo huenda vijidudu vimeingia ndani ya mfupa au ndani ya kiungo. Mara nyingi kulikuwa na jipu au kidonda kidogo wiki moja kabla, ambacho kila mtu ameshakisahau. Usaha ndani ya kiungo cha nyonga unaweza kukiharibu kwa siku chache, na mtoto akabaki na mguu mfupi maisha yote. Antibaotiki ya duka haitoshi. Inatuliza homa huku usaha ukiendelea kula mfupa. Anahitaji hospitali yenye daktari wa upasuaji, na anahitaji leo. Mtoto mwenye selimundu hupata tatizo hili kwa urahisi zaidi, kwa hiyo hata mama mzoefu asiseme "ni yale yale ya siku zote" pale maumivu yanapokaa sehemu moja na homa haishuki.

Kuna na ujanja wa nyonga. Mtoto anaweza kusema goti linamuuma, goti likapigwa picha, likaonekana zima, kwa sababu tatizo liko juu. Hili hutokea sana kwa vijana wa miaka kumi hadi kumi na tano, hasa wenye uzito mkubwa, ambao kichwa cha mfupa wa paja huteleza kutoka mahali pake. Kijana anachechemea, na unyayo unageukia nje. Asiambiwe afanye mazoezi ya kupunguza mwili kwanza. Apelekwe akapigwe picha ya nyonga, na asikanyage mguu huo mpaka aonwe.

Maumivu yanayoruka kutoka kiungo hadi kiungo, leo goti la kulia limevimba na kuwa la moto, keshokutwa limepona na sasa ni kifundo cha mguu wa kushoto, kwa mtoto wa kati ya miaka mitano na kumi na mitano, huitwa baridi yabisi mitaani. Huenda ni homa ya rumatiki. Huja wiki mbili au tatu baada ya koo kuuma, na ubaya wake hauko kwenye magoti, ambayo hupona yenyewe. Uko kwenye moyo, kwa kuwa huharibu valvu. Wodi za moyo, ikiwamo ile ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, zinapokea vijana wanaohitaji upasuaji wa valvu kwa ajili ya ugonjwa ulioanzia kooni. Akigundulika mapema, hupewa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka kadhaa. Ni sindano inayouma na ratiba inayochosha. Ni nafuu kuliko upasuaji.

Saratani ya damu ni nadra, na mzazi asikeshe akiiwaza kwa kila kilio cha usiku. Ila dalili zake zijulikane: mifupa inauma na kumwamsha mtoto kila siku, anapauka viganja na ndani ya kope, homa zinarudi bila malaria kuonekana, anapata mabaka ya damu chini ya ngozi bila kugongwa, pua au fizi zinatoka damu, uzito unashuka. Vidonge vya prednisoloni na deksamethasoni, ambavyo maduka mengine huchanganya kwenye "dawa za viungo", vinaweza kumpa mtoto huyu nafuu ya wiki mbili na kuuficha ugonjwa usionekane vizuri kwenye vipimo. Muhimbili, KCMC na Bugando wanatibu saratani za watoto, na saratani ya damu ya mtoto ni kati ya zile zinazoweza kupona.

Jua, maji na magadi

Miguu ya matege humsumbua mzazi kwa macho kabla haijamsumbua mtoto kwa maumivu. Mtoto wa chini ya miaka miwili huwa na miguu iliyopinda kidogo kwa nje, kisha wa miaka mitatu au minne magoti hugusana, na karibu na miaka saba hunyooka. Yote hayo ni kawaida. Isiyo ya kawaida ni miguu inayozidi kupinda baada ya miaka miwili, mguu mmoja kupinda kuliko mwingine, vifundo vya mikono kuwa vinene, mtoto kuchelewa kutembea na kulalamika mifupa. Huenda amekosa vitamini D au madini ya kalisiamu. Inashangaza kuona hivyo katika nchi ya jua, lakini mtoto anayefungiwa ndani ya chumba kimoja tangu asubuhi mpaka wazazi warudi kazini halioni jua hilo. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, mayai na muda wa kucheza nje ni tiba na kinga.

Kwa familia za Arusha, Manyara na Kilimanjaro kuna la ziada. Maji ya visima na chemchemi nyingi za huko yana floraidi nyingi, ndiyo sababu ya meno ya kahawia yanayomtambulisha mtu alikokulia. Ikizidi kwa miaka mingi, haiishii kwenye meno. Mifupa hukakamaa na kuuma, na kwa watoto miguu hupinda. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na baadhi ya vyanzo vya ukanda huo hupita kiasi hicho mara kadhaa. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua sufuriani, yenyewe hubaki na kuzidi ukali. Magadi yanayowekwa kwenye maharage na makande ili yaive haraka nayo huongeza. Kuloweka maharage usiku kucha hufanya kazi ile ile. Maji ya mvua yaliyovunwa vizuri, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa kama inavyofanywa na kituo cha utafiti cha Ngurdoto, ndiyo ya mtoto anayeota meno ya ukubwani.

Homa za virusi hupita haraka zaidi. Chikungunya ilitambuliwa mara ya kwanza kusini mwa nchi yetu, mwaka 1952, na jina lake ni la Kimakonde, kwa jinsi inavyomkunja mtu kwa maumivu ya viungo. Denge nayo huvunja mwili mzima. Wakati wa mlipuko wa denge, mtoto mwenye homa na maumivu apewe parasetamoli peke yake. Diklofenaki na ibuprofeni huongeza hatari ya kutoka damu.

Sindano nayo ina sehemu yake katika habari hii. Mtoto aliyechomwa takoni akaanza kuburuta mguu siku hiyo hiyo, huenda mshipa wa fahamu umeguswa. Arudishwe haraka, na aanzishiwe mazoezi ya viungo. Kama mtoto anaweza kumeza na hatapiki, mzazi ana haki ya kuuliza kwa heshima: "Daktari, dawa hii haipo ya kunywa?" Mara nyingi ipo.

Kabla ya kwenda kliniki, tumia simu uliyoshika. Andika tarehe, saa, mguu upi, mahali gani, alikuwa na nyuzi ngapi za joto, asubuhi alitembeaje, dawa gani alikunywa. Mrekodi video akitembea siku anapochechemea, maana watoto wana tabia ya kupona mbele ya daktari. Wiki mbili za maandishi hayo humwambia daktari zaidi kuliko "anaumwa miguu tangu zamani."

Na shule ijue. Mtoto mwenye selimundu au ugonjwa wa moyo hapaswi kukimbizwa mchakamchaka wa alfajiri ya baridi wala kupigishwa magoti kwa kuchelewa. Omba barua ya kliniki, mpelekee mwalimu wa darasa mkononi, si kwa kumtuma mtoto, na mweleze mambo matatu: avae sweta hata wenzake wakivua, awe na chupa ya maji juu ya dawati, na aruhusiwe kwenda chooni bila kuomba mara mbili, kwa sababu anayekunywa maji mengi hukojoa mara nyingi.

Viatu vimeachwa mwisho kwa kuwa ni rahisi. Viatu vyeusi vya shule vilivyonunuliwa Januari huwa vidogo ifikapo Agosti, na mtoto anayetembea kilomita nne kwa siku huanza kukunja vidole na kukanyaga upande. Mwache asimame navyo, bonyeza mbele: nafasi ya upana wa dole gumba la mtu mzima iwepo kati ya kidole chake kirefu na ncha ya kiatu.